Dakika Mbili Juu ya Kreti

Nimekaa juu ya kreti la sangara,
la bluu, limepasuka pembeni, linanuka bado
mwaka wa nne tangu kiwanda kifungwe hapa Igogo.
Hili ndilo gereza langu.
Nilimkwatua Majura kwa gongo, karibu na mlango wa chumba cha baridi.
Sikukusudia. Nkwimba hakuuliza kusudi.

Aliinua mkono, akaunyoosha juu, asipulize.
Hapo ndipo wageni huchanganyikiwa:
kosa limeonekana, mchezo unaendelea,
maana kisahani kingali kwao waliokosewa
na sheria haitaki kumpokonya mdhulumiwa shambulio lake.
Tulipokigusa tu sisi
(kipande cha tairi la fuso, kimesuguliwa kwa jiwe)
filimbi ikalia.
Nilikwenda mwenyewe. Sikusukumwa.

Dakika mbili. Wao watano, wenzangu wanne.
Na dakika hizi si za saa ya ukutani:
kisahani kikitumbukia mferejini, Bhoke anabana kitufe,
muda unasimama, nami nasimama nao,
kifungo hakipungui hata chembe
wakati watu wanapekua maji machafu kwa fimbo.
Dirishani, ziwa linang'aa kama bati jipya.
Kivuko cha Kamanga kimeshapiga honi mara mbili.

Nkwimba alikuwa fundi wa majokofu.
Alisomea ubaridi nchi ambako ziwa huganda
mpaka lori likapita juu yake.
Alipotusimulia, Lugoye alicheka akakaa chini:
Ziwa hili? Ligande? Furu wapumulie wapi?
Alirudi na daftari la kurasa mia, mwandiko wa mshazari.
Barafu ya kutelezea hatuna.
Ya kwetu ilipondwa, ikafunika samaki, ikaondoka nao.
Tuna saruji, jozi kumi na mbili za viatu vya magurudumu,
na daftari.

Gongo likipanda juu ya mabega likamgusa mtu, unakaa.
Damu ikitoka, unakaa mara mbili.
Ukimng'ang'ania mwenzio jezi kama anayekudai kodi, unakaa.
Ukipigana ni dakika tano, na tano haina msamaha,
wafungwe mabao matatu, utazimaliza zote.
Ila ukimtukana refa, kumi, peke yako,
mwenzio anaingia kuziba pengo:
ulimi, kumbe, ni deni la mtu binafsi.

Na kipa hakai.
Kipa akikosea, mwingine humkalia.
Jumamosi iliyopita nilimkalia Lugoye,
aliyemchapa mtu kifundo cha mguu
kisha akarudi golini akikaza kamba za mto wa sofa kifuani
kama hakuna lililotokea.
Nilimwuliza Nkwimba, hii ni haki gani?
Akasema, lango haliachwi wazi.
Akafunga daftari.

Lakini linalonikereketa ni la ukurasa wa tisa.
Wale wakifunga bao kabla sijamaliza, naachiwa.
Papo hapo, hata zikibaki sekunde tisini.
Ufunguo wa mlango wangu wanao wao,
na wakiutumia, ni sisi tunaolipa.
Basi nimekaa hapa, godauni zima,
mtu pekee mwenye mioyo miwili.

Bhoke anasema: ishirini na tano.
Wenzangu wanne wamejikunja mbele ya lango kama ngumi.
Wamechoka, naona, magurudumu ya Shigela hayazunguki tena, yanaburuzwa.
Majura amerudi uwanjani, anachechemea.
Mguu ule ni kazi yangu.
Anapewa kisahani. Anainua gongo, chini ya bega, kihalali kabisa.
Lugoye anatanua mto wa sofa,
sponji inachungulia kwenye mshono.

Kinywa changu kilipiga kelele: Zuia!
Miguu ilikuwa imeshasimama.