Daftari Bila Ngazi

Walinikalisha kwenye chumba cha vioo,
ghorofa ya ishirini na nane, Winnipeg chini yangu
imefumbwa na theluji ya Januari.
Kijana mwenye tai alileta kahawa
na barua ya kutia sahihi: nisome, nisinakili,
nisipige picha.

Sisi tuko sitini na wawili, juu ya duka la miwani,
lifti yetu hugoma kila Alhamisi.
Wao wana ofisi katika miji nisiyoweza kuitamka.
Tulipowanyang'anya zabuni ya Nafaka za Thorvaldson
mzee Hnatiuk alinunua keki,
akaigawa kwa rula.

Nikaja, basi, kama mwewe,
nikitafuta kifaranga kimoja tu cha kurudi nacho:
jumla isiyojumlika,
sahihi iliyosahauliwa.

Majalada manne. Tiki za kijani, ndogo kama ulezi,
na kila ukurasa, pembeni, herufi mbili: M.D.
Marguerite Delorme. Ndiye aliyesema kwenye semina,
nami nasikia, kwamba kampuni za kati
ni suti ya kuazima: inakaa,
ila si mabegani.

Nikafika ghala namba saba.
*Kitabu cha mteja: ngano, kina cha futi kumi na tisa.
Kamba yangu: kumi na nne.
Nimepanda mwenyewe. Nimepima mara tatu.
Mteja amekasirika.*
Na chini, kwa penseli, mwandiko umeyumba:
*Vidole havisikii.*

Futi tano za ngano ambazo hazikuwepo.
Tarehe ile, na barua ya kuwaachisha kazi wakaguzi:
wiki sita kati yake.
Nikaweka kalamu mezani.
Kumbe hatukushinda.
Tulichaguliwa
kama anavyochaguliwa mlinzi mwenye usingizi.
Keki ya Hnatiuk ikanipanda kooni.

Delorme akapita mlangoni, akasimama.
Adabu ya kazi yetu ni nyembamba:
asiyeulizwa hajibu, aliyeulizwa hazidishi.
Nikauliza kama ipo sababu ya kitaaluma
ya sisi kuikataa kazi hii.
Alitazama dirisha kwa muda wa kulipisha.
"Hapana," akasema. "Vaa buti zenye meno."

Mali bila daftari hupotea bila habari.
Na daftari bila ngazi?

Nyuzi thelathini chini ya sifuri.
Thorvaldson alisimama chini na chupa ya kahawa,
akinipigia kelele kwamba mwenzangu alikuwa mkaidi
lakini mimi, anaona, nina busara, nina watoto.
Chuma kilinata kwenye glavu.
Upepo wa nyika haukuwa na mteja wala mkaguzi,
ulitupiga sote kwa bei moja.
Nikafungua kifuniko. Nikateremsha kamba.
Ikashuka, ikashuka,
ikagota.

Futi sizitaji hapa, ni siri ya mteja.
Zimo jaladani, ukurasa wa themanini na nane,
kwa wino mwekundu, mwandiko umeyumba.
Niseme tu kwamba niliposhuka
ile kahawa sikupewa.

Usidhani tumekuwa marafiki.
Mwezi Machi walituchukulia hospitali ya Brandon
bila hata kupepesa,
nasi tukawachukulia wahasibu wawili wazuri,
mmoja akiwa yule kijana wa tai.
Na kwenye mashindano ya kusukuma mawe barafuni,
wahasibu kwa wahasibu, walitupiga tisa kwa mbili,
Delorme akifagia mbele ya jiwe
kama mtu anayefuta kosa la mwingine.

Baadaye, tukifungua viatu kwenye benchi moja,
hakuniuliza ngano. Nisingejibu.
Aliuliza, macho kwenye kamba za viatu:
"Vipago vya ile ngazi, ulihesabu?"
"Mia moja na kumi na viwili."
"Kumi na vitatu," akasema.
"Cha kwanza kiko chini ya theluji."

Nikatoa daftari mfukoni. Nikasahihisha.
Pembeni nikaandika herufi mbili,
zake.