Swala Pala

Mchana natengeneza meno.
Nta, plasta, akriliki ya rangi ya ufizi,
taya za watu zimepangwa rafuni kwa majina:
Bi Chausiku, juu na chini. Mzee Lugome, magego mawili.
Usiku, meza ileile ya Mchikichini,
taa ileile ya shingo ndefu,
natengeneza gari.

Shevrolet Impala, ya mwaka hamsini na tisa,
moja kwa ishirini na tano.
Nililikuta kwenye robota la vichezeo vya mtumba, Ilala,
boksi limepasuka, maelekezo hakuna,
kioo cha mbele hakuna, gurudumu moja halipo.
"Bovu hilo," akasema mwenye meza, "toa elfu tatu."

Impala. Si swala pala wetu huyu?
Walichukua jina, ngozi wakamwachia,
wakamvika bati huko Detroiti,
wakampachika mabawa mgongoni
na macho mekundu ya paka huko nyuma,
kisha wakamrudisha kwa meli, anakunywa petroli.

Gurudumu la nne nimelichonga kwa masazo ya meno.
Viti ni ufizi uliobaki wa Bi Chausiku;
hajui, na akicheka mtaani
mimi naona siti ya nyuma.
Kioo nimekikata kwenye bega la chupa ya maji.
Bampa ni karatasi ya ndani ya pakiti ya sigara,
nimeisugua kwa ukucha mpaka ikanirudishia uso.
Antena ni njiti ya chelewa.
Mwamtoro aliniona naichomoa kwenye ufagio wake.
Hakusema kitu. Alihesabu zilizobaki.

Rangi ndiyo kazi.
Rangi haitaki haraka, na Dar haitaki rangi ikauke.
Masika unapuliza tabaka moja,
unyevu unaliingia, linaota ukungu
kama jicho lenye mtoto.
Unasugua kwa msasa wa maji, unaanza upya.
Vumbi nalo. Nikalifunika kwa hotipoti ya harusi yetu,
siku tatu tukala wali wa baridi.

"Unauza?" jirani akauliza dirishani.
Siuzi.
"Linatembea?"
Halitembei.
"Sasa?"

Baba aliosha gari kama hili,
Upanga, kwa Mgiriki wa mkonge,
miaka minne, kila alfajiri, ndoo mbili.
Viti vyake alivijua kwa kuchungulia.
Siku hizi Mzee Kibwana anaona kwa vidole.

Jumapili nikamwekea mapajani.
Akaanza mbele, kama alivyokuwa akiosha:
taa, boneti, paa.
Akafika kwenye mabawa. Kidole kikapita,
kikarudi, kikapita tena.
"Silo."
Silo vipi, baba?
"Hapa, juu ya bawa la kushoto, pana bonde.
Ndoo iliniponyoka, nilikuwa nimefunga.
Akanikata mshahara miezi miwili.
Mwaka ule dada yako hakuanza shule."
Alisema kama mtu anayetaja namba ya nyumba,
akaomba chai.

Matabaka saba. Wiki sita.
Kijani cha embe bichi, hakuna tone lililotiririka.
Nilikaa nalo mpaka nyumba nzima ikalala,
nikawasha taa ya spiriti,
nikapasha kijiko cha nta.
Mkono huu haujawahi kuharibu kitu makusudi.
Nikageuza uso, nikabonyeza.
Rangi ikanuka, ikajikunja pembeni kama ngozi ya maziwa.

Asubuhi akapitisha kidole. Kikazama, kikatulia.
Nikangoja.
"Umezidisha," akasema baba.
"Lilikuwa dogo. Dogo hivi,
hata maji ya kuoshea hayakutuama."