Unataka Nguvu Zako Wapi?

Kisimba ametandaza gazeti mezani,
gazeti la mwaka juzi, bei ya shaba imepanda,
na juu ya bei hiyo amelaza arbakame tatu,
zimelowa oili, zimenyooka
kama wagonjwa wangu saa ya kupimwa joto.

"Hii ni ya kiwandani, digrii mia mbili arobaini na nane.
Hii, mia mbili sitini na nane.
Na hii—"
Ya tatu hakuitaja. Aliizungusha tu,
nundu zake zikapita chini ya taa moja moja,
ndefu, zimechongoka,
kila moja ikiahidi kuacha mlango wazi
kupita adabu.

Mkono wangu ulikuwa umeshaifikia.

"Ngalula, usinijibu haraka.
Unataka nguvu zako wapi?"

Wapi tena? Barabara ya Likasi, nikamwambia,
Jumapili asubuhi, lami bado baridi,
malori yamekwama mpakani yakingoja karatasi,
sindano imepita elfu tano, inaitafuta saba,
na Datsun ya baba, nyekundu kama vumbi letu la Agosti,
inapasua hewa kama kitambaa kipya dukani.

"Hiyo ni Jumapili," akasema.
"Wiki yako ina siku ngapi?"

Akafuta mikono. Akanieleza, bila kuniangalia,
kwamba mlango ukifunguka mapema na kuchelewa kufungwa,
pumzi iingiayo na pumzi itokayo hukutana kizingitini.
Kwenye mbio hupishana vizuri, kama wachezaji.
Kwenye foleni ya soko la Kenya hupigana vikumbo:
motere inatetemeka, servo ya breki inakosa upepo,
na wewe unasukuma pedali kama unasukuma ukuta.
"Tena hapa Lubumbashi tuko juu, hewa yenyewe ni nyepesi.
Utanunua lango pana
la kuingizia kitu ambacho hakipo."

Nikanyamaza. Nyuma ya karakana treni ilipita,
mabehewa mengi, polepole, hadi chai ikapoa.

Kisha akasema: "Ya tatu unaijua.
Niliitoa mimi mwenyewe, motere ya baba yako."

Niliijua.
Niliijua kwa sikio kabla ya kujua kusoma.
Mvua ya Januari, mama kando ya barabara,
kifuko cha unga ameking'ang'ania chini ya kitenge,
na baba anatokea, anapiga honi mara mbili,
kwa upendo, naapa ilikuwa kwa upendo,
anapita.
Usiku alieleza: ukipunguza inazima,
na ikizima ikiwa ya moto haikubali kuwaka.
Mama aliweka bukari mezani.
"Nimesikia," akasema. "Katuba nzima imesikia."

Nikachukua ya katikati.
Tukabishana bei ya resori mpya, nikashindwa.
Akaniapisha: dakika ishirini za kwanza
uishikilie kwenye elfu mbili, usiiache ilale,
nundu na vyuma vyake vizoeane.
Nikazihesabu kwa saa yangu ya wodini.

Sasa alfajiri natoka zamu,
nasimama pale polisi wa rulaje anaponyoosha mkono,
na motere inatikisika kidogo tu,
kama mtu anayebana kicheko kanisani.
Jumapili inafika elfu sita, basi. Inatosha.
Karibu inatosha.

Juzi mvua ilimkuta mama sokoni.
Nikasogea ukingoni, nikasimama kabisa.
Alifungua mlango, akapakata unga wake,
akatega sikio.
"Imezima?"
"Hapana, mama. Inakungoja."

Ile ya tatu iko chini ya kitanda changu,
nimeifunga kitambaa chenye oili isishike kutu.
Kisimba ana mteja, kijana wa Bel-Air, ana dola mkononi.
Kila wiki ananiuliza.
Kila wiki namwambia bado naipima.