Mwanya

Nasema: kijiko. Baba anasema: ufunguo.
Wodi ya sita, Kakamega; mvua ya alasiri iko juu ya mabati.

Daktari alinichorea nyuma ya risiti ya dawa
seli mbili zisizogusana
na mwanya katikati, ambao kemikali huuvuka
tone kwa tone
mpaka ng'ambo izoee hodi.

Kijiko.

Miaka thelathini alipima miwa Mumias
akijumlisha tani kichwani.
Kijiko, Baba.

Usiku amelala, nami nawawazia mafundi wa protini
wakiupanua mlango tuliougonga mchana.

Asubuhi uji unafanya utando.
Anautazama, ananitazama.
"Khasandi," ananiita, "kiko wapi?"

Neno lenyewe bado liko njiani.
Ngeli yake imetangulia.