Nusu Yangu ni Ipi

Chupa ilikuwa ya siki zamani,
kizibo chake gunzi la hindi.
Mama alitia kimo cha kidole cha mafuta ya makonyo
aliyoyanunua Wawi, mazito, rangi ya chai iliyokolea;
Bi Chumu, mke mwenziwe, akajaziliza ya nazi
aliyoyapika mwenyewe mpaka likabaki shata,
na shata tukaligombea sisi watoto.
Kisha chupa nikapewa mimi.
"Tikisa, Bikame."

Kwanza yalikuwa nyuzi,
nyuzi za kahawia zikijinyonganyonga ndani ya weupe
kama moshi wa udi usiojua mlango uko wapi.
Nikabadili mkono.
Nikahesabu niifikie mia, nikapotea sitini na kitu,
nikaanza upya.
Uzi ukawa unywele, unywele ukawa kivuli,
kivuli nacho kikaingia nisipopaona.
Bi Chumu akachovya kijiti juu,
akachovya chini kabisa, akanusa mara mbili:
"Huku karafuu, na huku karafuu.
Basi."

Na maji je? niliuliza siku moja.
Mama akanionesha. Makonyo yalizama,
yakalala chini shanga shanga.
Nikatikisa hata bega likaniuma;
yakapasuka, yakawa ukungu, nikashangilia,
na kabla sijafuta jasho
yamesharudi, kila mmoja kwao.
"Hayo yanavumiliana tu," alisema Mama,
wala hakumtazama mtu.

Baba alipofariki, Ami Shoka alikuja Mtambwe na daftari.
Thumni ya wake, nusu kwa nusu:
kitanda kwa huyu, cherehani kwa yule,
minazi minne, miwili miwili.
Akaifikia chupa.
"Makonyo ya nani?"
"Yangu," akasema Mama.
"Na nazi?"
"Yangu," akasema Bi Chumu.
"Haya, kila mtu atoe chake."

Wakatazamana.
Tangu msiba uingie sikuwa nimesikia kicheko nyumbani mle,
na kile kilipotoka
sikujua kimeanzia kifua kipi.
Ami alifunga daftari. Chupa haikuandikwa.

Bi Chumu ametutoka mwaka juzi.
Chupa ingali dirishani, imebaki robo.
Usiku Mama hujipaka magotini, matone mawili, hazidishi,
kisha hunusa kiganja chake
na kusema neno.
Mimi niko chumba cha pili. Silisikii.