Robota la Siku ya Arubaini na Tatu

Theluji imewahi bondeni Svarfaðardalur, malisho yamefukiwa,
na Bragi, kisu mkononi,
anayazunguka marobota meupe
kama mgeni aliyesahau mlango.

"Wiki ya tatu hii, mama. Ng'ombe wanalia."
"Wape nyasi kavu, walie.
Humo ndani bado joto linabishana na majani."

Tarehe aliiandika mwenyewe, Steinunn, kwa rangi nyekundu;
tundu la kunguru akaliziba kwa utepe,
akalipapasa kama paji la mtoto mwenye homa.

Siku ya arubaini na tatu anapasua nailoni.
Konzi moja. Anafinya: halidondoki tone.
Ananusa: ukali wa siki,
nyuma yake utamu, kama mfuko wa koti la marehemu Ketill,
tumbaku na tufaha.
Si uvundo. Si ukungu. Rangi ya zeituni.

Mvumilivu hula mbivu;
leo mvumilivu mmoja, mlaji mwingine.

"Basi nigawe?"
"Ngoja. Mwenye neno hajafika."

Huppa, sikio limechanika, ananusa,
anapuliza pua, anatupa mgongo.

Bragi anacheka.
Steinunn hacheki, anafuta kisu.

Huppa anarudi.
Anazamisha uso mpaka machoni.