Presha

Ghorofani, bafuni kwa mama, maji ya moto yanadondoka
kama shahidi aliyelazimishwa kusema.
Chini jikoni yanaruka mpaka kwenye miwani yangu.
"Nyumba hii haina presha," anasema mama.
"Yote ninayo mimi."

Mia na sitini kwa tisini na tano, asubuhi ile,
kwa kile kidude kinachomminya mkono.
Daktari wa Al-Khoudh kampa vidonge vya kuishusha.
Fundi Zahran kaja na mashine ya kuipandisha,
mpya, ndani ya boksi.

Zahran haamini maneno, anaamini ndoo.
Kaiweka chini ya bomba, ndoo ya lita kumi,
kafungulia, kabonyeza saa ya simu.
Tukasimama watatu kimya, kama tunaosubiri mwezi uandame.
Dakika nne na sekunde kumi.
"Lita mbili na nukta nne kwa dakika," akasema.
"Kwa haya, hata kuku hanyonyoki."

Akanipandisha juu ya paa, kwenye baridi ya Januari.
Tangi jeupe, na nyuma yake milima ya Hajar.
"Maji hayana nguvu yao wenyewe. Nguvu yao ni kimo.
Jikoni yanashuka ghorofa nzima, yanafika na hasira.
Kwa mama yako hayajapata hata pa kuanzia mbio."

Nikamkumbuka baba.
Kwao Ibra alirithi, kwa hati,
nusu saa ya maji ya falaji kila siku ya nane.
Si lita, si ndoo. Nusu saa.
Mwaka wa mvua, nusu saa ilinywesha mitende mpaka ya jirani.
Mwaka wa ukame, nusu saa ilikuwa ile ile,
dakika thelathini kamili
za mtu aliyesimama na jembe akitazama mchanga.

Zahran akapiga magoti chini ya hita.
"Koki hii imefungwa nusu. Nani kaifunga?"

Mama akatazama vigae.
"Mimi.
Alipokuwa hawezi, namwogesha juu ya kiti cha plastiki,
maji yakija kwa kishindo akishtuka.
Na hita yenyewe ndogo, hainifikishi miguuni.
Nikayapunguza. Yakawa yanatosha."

Miaka sita.
Na miaka sita analalamika.

Zahran akaizungusha, ikalia, ikafunguka.
Dakika mbili na sekunde tano.
"Si mvua," akasema, "lakini ni maji."
Mashine ikarudi garini na boksi lake,
na pesa ya kahawa akaikataa mara mbili, ya tatu akaichukua.

Usiku, kabla ya alfajiri, nilisikia chuma kikilia
ukutani, mara moja, kidogo.
Kisha maji, polepole.

Asubuhi kidude kikamminya, kikapumua, kikaandika:
mia na arubaini na nane.
"Imeshuka," nikamwambia.
Mama akakunja ukosi wa dera.
"Ipi?"